Dakika Thelathini za Mama Perpetua

Mama Perpetua alianza kusafisha ofisi yetu kabla haijawa ofisi. Wakati huo lilikuwa ghala la mbegu la mradi wetu wa kilimo, hapa Mikumi, upande wa chini wa barabara kuu, na siku walipoamua kuweka meza yeye ndiye aliyefagia panya waliokufa. Ni miaka kumi na tisa sasa. Mimi nina sita tu. Jina langu Vaileth, kwetu Kimamba, nakaa mapokezi, na kazi yangu ni kusema karibu, kuandikisha watu kwenye daftari la wageni na kujua nani yupo na nani ametoka. Nasema haya mapema ili mtu asije akadhani nasimulia mambo ya kuambiwa.

Jina lake la ubatizo ni Agatha, ila hapa hakuna anayelitumia. Kwao ni Vidunda, juu mlimani. Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la saba, na mwandiko wake umenyooka kuliko wa mhasibu wetu mwenye digrii. Alishuka mlimani alipoolewa, mume akafariki mapema, akabaki na binti mmoja, Perpetua, ambaye naye ameolewa huko Songea. Mama Perpetua hana maneno mengi. Mabwana shamba wakiingia na matope ya shambani, anasema neno moja tu, "Miguu," na watu wazima wenye shahada zao wanarudi nje kujikung'uta. Hata bosi wetu, Bwana Cosmas, nimemwona akirudi.

Kitu kimoja kuhusu yeye lazima nikieleze, maana bila hicho mengine hayaeleweki. Kwa kazi yote hiyo, Mama Perpetua si mfanyakazi wetu. Miaka mitano iliyopita mradi uliamua usafi ufanywe na kampuni ya nje, kampuni ikaja, ikamkuta, ikamwandika yeye yule yule, ndoo ile ile. Kilichobadilika ni koti tu, kutoka bluu kwenda kijani. Lakini kwenye orodha ya wafanyakazi jina lake likatoka, na kwenye kompyuta zetu mtu ambaye hayumo kwenye orodha ni mgeni, basi.

Sasa, waifai. Ofisi yetu ina mitandao miwili. Wa kwanza ni wa wafanyakazi, nao unazitambua kompyuta na simu za ofisi peke yake. Simu yako mwenyewe hata uisujudie haiingii. Wa pili ni wa wageni. Zamani ule wa wageni ulikuwa wazi, mpaka vijana wa bodaboda wakaanza kukaa ukutani kwetu toka asubuhi wakipakua filamu, wamejipanga kama kunguru. Bwana Cosmas akaleta fundi kutoka Morogoro, na tangu hapo kuna utaratibu. Mgeni anafungua ukurasa, anajaza jina, anakotoka, mwenyeji wake na sababu ya kuja. Mimi nampa kikaratasi chenye namba. Anapata dakika thelathini, na simu moja inaruhusiwa mara moja kwa siku. Utaratibu huo nausimamia mimi, na sitasema uongo, nilikuwa najivunia. Mtu ukikaa mapokezi miaka sita, hata kikaratasi kinakuwa cheo.

Mwezi wa nne mwaka huu mvua ilinyesha ovyo kweli. Jumatatu mnara wa simu unaotuhudumia hapa mjini ukazima, ukabaki unashika kwa kuvizia: sauti inakatika, ujumbe unaenda baada ya saa mbili, na picha ndiyo usahau kabisa. Sisi ofisini hatukuhisi kitu, kwa sababu tuna dishi letu la intaneti juu ya bati. Jumanne usiku mama yake Mama Perpetua akafariki huko Vidunda. Bibi alikuwa na miaka themanini na kitu, alikuwa anaumwa tangu Kwaresima, kwa hiyo msiba haukumshtua mtu. Kilichosumbua ni barabara.

Jumatano alfajiri Mama Perpetua akapanda basi mpaka Kidodi, akachukua bodaboda mpaka chini ya mlima. Pale akakuta udongo umeporomoka umefunika njia ya gari, na njia ya miguu, ile ya mkato waliyokuwa wakipita tangu utoto, imebebwa na maji. Vijana wawili walikuwa wamejaribu kuvuka, mmoja akachukuliwa mpaka kwenye migomba, wakamtoa na mkono uliovunjika. Yeye ana goti bovu. Alisimama pale, kwa maelezo yake mwenyewe, mpaka viatu vikajaa maji, halafu akarudi. Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi alikuwa ofisini anapiga deki.

Nilimkuta, nikamwamkia. "Shikamoo, Mama Perpetua. Pole sana."

"Marahaba. Nimekwishapoa," akasema, na akaendelea na deki.

Saa saba na nusu akaja mbele ya meza yangu. Alikuwa amevua koti la kijani, amevaa kitenge na kufunga kilemba cheusi. Akaniambia wanazika saa nane, hawawezi kungoja zaidi kwa sababu huko mlimani hakuna mochwari. Mdogo wake, Lukasi, amepata sehemu karibu na makaburi ambapo simu inashika vizuri, kwa sababu kutoka kule juu wanauona mnara wa upande wa pili. Atashika simu yake juu, dada mtu aone kaburi. Kule mlimani mtandao upo, huku mjini kwenye lami haupo. Nchi hii bwana.

"Kwetu mtoto wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza," akasema. "Kama hayupo, anatamka maneno yake, mdogo wake anatupa kwa ajili yake. Lakini lazima atamke mwenyewe, jeneza likiwa limeshuka, kabla jembe halijagusa udongo. Nataka kumtamkia mama. Hilo tu, mwanangu. Naweza kuingia kwenye waifai?"

Sasa hapa ndipo mahali penyewe. Ndani ya droo yangu, chini ya daftari la wageni, ilikuwepo simu ya ofisi. Simu nzuri, kioo kikubwa, inaingia mtandao wa wafanyakazi, haina cha dakika thelathini wala nini. Niliifikiria. Nitakuwa mwongo nikisema sikuifikiria. Lakini mwaka jana nilimwazima dereva simu hiyo hiyo, akaisahau gereji huko Kidodi siku mbili, na Bwana Cosmas akaniandikia barua ya onyo ambayo ipo kwenye faili langu mpaka leo. Ilisema simu ya ofisi haitatumika kwa shughuli binafsi za mtu yeyote, na ilisema kitakachofuata kama nikirudia. Nikajiambia: mazishi ya Vidunda ni shughuli binafsi. Nikajiambia tena: dakika thelathini zinatosha kumzika mtu. Nikafunga ile droo kwa goti.

"Unaweza," nikamwambia. "Utaingia kama mgeni. Lakini ni nusu saa, na ikiisha imeisha mpaka kesho. Kwa hiyo tuingie wakati wao wako tayari."

Akasema ameelewa. Nikamkalisha kwenye benchi la wageni, ambalo amelifuta kila siku ya kazi na sijawahi kumwona amelikalia, nikamfungulia ukurasa kwenye simu yake. Mwenyewe akavaa miwani, akajaza. Jina, Agatha. Unakotoka, Vidunda. Kwenye mwenyeji akasita.

"Hapa niandike nani?"

"Niandike mimi."

Akanitazama juu ya miwani. "Wewe siku ya kwanza nilikuonyesha choo," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikaona mdomo wake unataka kucheka. Akaandika Vaileth. Kwenye sababu ya kuja akaandika, kwa herufi zake zilizonyooka, *Kumzika mama.* Ukurasa ukakubali. Ule ukurasa unakubali chochote, mradi nafasi isiwe wazi.

Ujumbe wa Lukasi uliingia kwa kuchelewa, saa nane na dakika kumi: jeneza limefika kaburini. Nikampa kikaratasi, akaingiza namba, na pale pale picha ikaja, safi kuliko nilivyotegemea. Nikaja kusimama nyuma yake. Mgeni mwingine hakuwepo, na mimi nilitaka kuona. Kulikuwa na migomba, ukungu, watu wengi wamejifunika makoti na mifuko ya salfeti, mchungaji na kanzu yake nyeupe imelowa chini, na jeneza juu ya miti miwili. Juu ya skrini ukurasa wetu ulikuwa unahesabu: ishirini na tisa.

"Dada, tunaonana?" Lukasi akauliza.

"Tunaonana. Mbona mmesimama?"

Lukasi akageuza simu akaielekeza chini. Ndani ya kaburi mtu mzima alikuwa amelala chali, mikono kifuani, kofia ya baraghashia usoni.

Huyo alikuwa Mudi. Mudi ni mtu wa Chanzuru, huko bondeni, na ukoo wake na ukoo wa kina Mama Perpetua ni watani toka enzi za mababu. Alipanda mlimani wiki moja kabla ya njia kukatika, kumwangalia bibi. Asiyejua utani wa msibani anaweza kuona ni wazimu, lakini ndiyo desturi: wenye msiba wanalia, mtani anavuruga. Anaingia kaburini, anadai mambo, anamsema marehemu, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia wala kumharakisha. Ukimkatiza, umemdharau aliyekufa. Mchungaji anajua, anangoja na kitabu chake.

Lukasi akaeleza. Mudi alikuwa mle ndani tangu saa saba na nusu. Walipotaka kuzika aliwaambia mkubwa wa nyumba hii hayupo, hapa hazikwi mtu mpaka nimwone. Maana yake alikuwa amemshikia Mama Perpetua nafasi karibu saa nzima, kwenye tope, mvua ikimpiga. Niliposikia hilo nilimpenda yule mzee hapo hapo.

"Mudi," akaita Mama Perpetua. "Toka. Nipo."

Mudi akatoa kofia usoni. "Nani huyo? Huyo mwanamke wa mjini? Sogeza hicho kioo nimwone vizuri." Lukasi akasogeza. "Ndiye mwenyewe. Amenenepa. Anakunywa chai ya ofisi huku mama yake anakula majani. Sasa sikiliza, wewe. Huyu mnayemzika ni mke wangu. Aliniahidi mwenyewe, mwaka ule wa njaa. Nani amewapa ruhusa ya kuzika mke wa mtu?"

Watu wakacheka. Mama Perpetua naye akacheka, nikaona mabega yake yanatikisika. "Mke gani, Mudi? Mama alikuwa akikuona unapanda mlima anaficha kuku."

"Aliwaficha kwa ajili yangu! Alitaka niwale peke yangu!"

Ishirini na nne.

Na ikaendelea hivyo. Mudi akadai jogoo. Akapewa ahadi ya jogoo. Akasema jogoo wa mlimani hawana nyama, anataka kigoda cha marehemu. Akina mama wakaenda kuulizana kuhusu kigoda. Akamtaka Mama Perpetua akiri mbele ya watu kwamba watu wa mlimani hawajui kupika wali, akakiri. Akamtaka aimbe ule wimbo aliokuwa akiimbiwa na mama yake wakati wa kupalilia. Akaimba, kwa kilugha chao ambacho mimi sikijui, sauti ya chini, na kule juu wanawake wakamwitikia. Kumi na nne. Fundi wa jenereta alipita akatuona, akavua kofia, akasimama mlangoni.

Zilipobaki kumi na moja nikainama nikamwonyesha kwa vidole. Akaitikia kwa kichwa, ameona. Hakumwambia Mudi kitu. Ningeweza kusema mimi, ningeweza kuiweka sura yangu kwenye kile kioo na kusema, jamani baba, huku tunahesabiwa. Lakini mimi si wa ukoo, na kwetu Kimamba pia nimefundishwa: mtani akiwa kaburini, unanyamaza. Nikanyamaza.

Saa hiyo hiyo mkono wangu ulikuwa kwenye droo. Nataka hili lijulikane. Nilirudi mezani, nikaifungua, nikaiona simu ya ofisi, nikaifunga tena. Nikasema labda wataisha.

Zikiwa zimebaki nane Mudi akatoka. Wakamvuta kwa mikono, amejaa tope mpaka masikioni, na alipofika juu akashika uso akaanza kulia kwa sauti kama mtoto, utani umekwisha. Mchungaji akafungua kitabu. Mchungaji wa watu hakujua habari zetu, akasoma polepole, kila neno kwa nafasi yake. Nne. Wakapitisha kamba. Jeneza likashuka, likagusa upande mmoja, wakalipandisha, wakalinyoosha, likashuka tena. Moja.

"Dada," Lukasi akasema. Alikuwa amechuchumaa, tunaona kiganja chake kina udongo mwekundu. "Imefika chini. Tamka."

Tukasikia mvua kwenye majani ya migomba. Mama Perpetua akasimama. Akavua miwani. Akasema, "Mama," akavuta pumzi, na kioo kikawa cheupe.

*Muda wako umekwisha. Asante kwa kututembelea. Karibu tena.*

Akaniangalia. Alidhani kuna kitu cha kubonyeza. Nilichukua simu yake, nikaingiza namba nyingine, nikijua haitakubali, na haikukubali: simu hii imekwishatumia nafasi ya leo. Ndipo nikakimbilia droo. Nikatoa simu ya ofisi, nikamwomba namba ya Lukasi, vidole vyangu vikakosea mara mbili, nikapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Mtu aliyeshika udongo mkononi hapokei namba asiyoijua. Nilipiga mara tano, Mama Perpetua amesimama pembeni yangu, miwani mkononi.

Mara ya sita akapokea. Nyuma yake tuliona watu wanapanga maua juu ya tuta la udongo lililokwishapigwapigwa kwa jembe.

"Tulikungoja, dada," Lukasi akasema. "Ulisema 'Mama', ukatoweka. Tukaona labda kilio kimekuzidi. Mvua ikaongezeka, maji yakaanza kuingia. Nikatupa tu."

"Ulisema nini?"

"Sikusema kitu. Maneno yalikuwa yako."

"Haya," akasema. "Umefanya vizuri. Waambie watu wapate chakula." Akamuuliza kama Mudi amepata nguo kavu, akaambiwa amepata, akamuaga. Halafu akaigeuza ile simu mkononi, akatazama kibandiko cha mradi kilichopo nyuma, chenye namba ya mali.

"Hii ilikuwa hapa?" akaniuliza.

"Ilikuwa kwenye droo."

"Na hii haihesabiwi dakika."

"Haihesabiwi."

Ningeanza kumweleza habari za dereva na barua ya onyo, ningejisikia vibaya zaidi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu, na nina miaka thelathini na mitatu. Akaiweka simu mezani taratibu, akavaa koti lake la kijani, akaenda kuosha vikombe.

Saa kumi Bwana Cosmas akarudi kutoka Kilosa. Alikuwa amepata habari njiani, maana alipita kwangu bila kuuliza barua zilizoingia, akaenda moja kwa moja jikoni. Nikamsikia anampa pole, kwa heshima zote, anamwamkia mara mbili. Wakatoka pamoja mpaka mapokezi, akamwambia akapumzike nyumbani mpaka wiki ijayo.

"Na kuzika mliona?" akauliza. "Nimeambiwa ulitumia ile waifai ya wageni."

"Niliona, bosi. Ikakatika mwishoni."

"Ilikatika?" Akashangaa, akageuka akaitazama ile simu ambayo ilikuwa bado juu ya meza yangu, mbele yake. "Sasa mbona hukutumia simu ya ofisi? Kwa jambo kama hili? Hata ungeuliza tu."

Nilikuwa nimekaa pale pale, kati yao. Kilichokuwa kinatakiwa ni sentensi moja, na sentensi yenyewe ilikuwa yangu.

"Haikunijia akilini, bosi," akasema Mama Perpetua. "Kosa langu."

Bwana Cosmas akatikisa kichwa kwa huruma, akamshika mkono tena, akaingia ofisini kwake. Mama Perpetua akachukua mfuko wake na mwavuli. Mimi nikalivuta daftari la wageni, nikajifanya natafuta kalamu.